Mkereza wa Palma na mashine ya wanaume sita

Saa tano asubuhi, siku ya Ijumaa, Chamima Abibo anazima mota na kusubiri. Tendegu la kitanda alilokuwa akilikereza linaendelea kuzunguka kwa muda, mlio wake unapungua, kisha linatulia. Analipapasa kwa kidole gumba kuanzia juu hadi chini, anaguna, analifungua na kuliegemeza ukutani pamoja na wenzake watatu.

Halafu anachukua ufagio. Anafagia kama mtu aliyeambiwa wakwe wako njiani: chini ya meza, nyuma ya mlango, katikati ya chumba mara mbili. Maranda mekundu ya mkongo yanaingia kwenye gunia, na gunia linatolewa nje.

"Kijiti kama hiki," anasema, akiokota kipande kisichozidi ukucha, "kinasimamisha gurudumu. Mashine yote hii ilivyo nzito, inazuiwa na kijiti."

Inapotimia saa sita kasorobo sakafu ni tupu na mikeka imetandikwa. Mashine ya chuma iliyokuwa chini ya dirisha sasa iko ghalani nyuma, imefunikwa turubai. Ameihamisha peke yake, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye umbo dogo, na kanga aliyojifunga kiunoni haijalegea.

Chumba anachofanyia kazi ni mali ya wakfu, kimepakana na msikiti wa mtaa. Kodi yake ni metikali elfu moja kwa mwezi. Kwa mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, tangu wageni wa kazi za gesi wapandishe bei za vyumba, hiyo ni sawa na kupewa bure. Sharti lake ni moja tu. Kila Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, chumba kiwe kitupu, kwa sababu msikiti hauwatoshi watu wote na safu za sala hufurika hadi humo.

Kwa fundi cherehani sharti hilo ni jepesi. Anabeba cherehani yake kichwani, anakwenda zake. Mkereza ana kazi nyingine kabisa, maana mashine ya Chamima ni ya zamani, iliyotoka Ureno kwa meli, na miguu yake miwili ya chuma imejaa kama nguzo. Hajawahi kuipima. Mchomeleaji wake anakisia kilo mia tatu na hamsini, na hajasikika mtu akisema amezidisha.

Kwa nini isikae ghalani siku zote? Ghala halina dirisha wala umeme, na ni jembamba kiasi kwamba ukiingia wewe na mashine, mmoja wenu hana pa kusimama. Nje nako kuna hewa ya chumvi, ambayo hula chuma hata ukikipaka mafuta kila siku. Hivyo ni lazima iende na kurudi, Ijumaa kwa Ijumaa.

Mwenye mashine hapo mwanzo ni mume wake, Issufo, aliyeinunua kwenye kiwanda cha mbao kilichokuwa kinafungwa. Yeye ndiye aliyemfundisha Chamima kukereza matendegu, michi na miguu ya stuli, kwanza kwa mzaha, kisha kwa dhati. Leo Issufo ana mgongo ambao haumruhusu kuinama wala kunyanyua ndoo. Anakaa kwenye kiti karibu na mlango, ananoa patasi, anapokea wateja na kutoa ushauri, ukiombwa au usipoombwa.

Kazi yenyewe haikosekani. Pande hizi bwana harusi asiyeleta kitanda cha matendegu ya kukereza atasemwa mpaka mtoto wa kwanza aingie chuoni. Mwezi mzuri, baada ya kutoa mbao na umeme, Chamima anabakiwa na metikali kama elfu tisa. Ndizo zinazomsomesha binti yao mkubwa, Yasmin, na wadogo zake wawili.

Kwa miaka mingi kuisukuma mashine kulikuwa kazi ya wanaume sita wa mtaani. Walikuja kila Ijumaa wakiwa wameshaoga, wamevaa kanzu, na tabu ilianzia hapo, kwani mtu mwenye kanzu nyeupe hapendi kukumbatia chuma chenye mafuta. Walivua, wakafunga vikoi, Issufo akahesabu, wakasukuma. Baada ya sala walirudi kuirejesha. Chai na vitumbua vilikuwa juu ya Chamima.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hao sita hawakuwahi kuuona hivyo, kwa sababu mzigo wenyewe waliushika kwa mikono yao. Wakaanza kupungua. Mmoja alipata kazi ya ulinzi kwenye mradi wa gesi. Mwingine alihamia Quitunda, kijiji cha waliohamishwa kupisha mradi huo, familia yake ilikopewa nyumba ya matofali na shamba. Wa tatu akawa anaumwa kiuno kila Ijumaa asubuhi, jioni anapona.

"Kuomba mara moja si kazi," anasema Chamima. "Kuomba kila Ijumaa, tena kwa waume za watu, hiyo ndiyo kazi. Unafika mlangoni, unapiga hodi, mkewe anakutazama. Hajasema kitu, lakini wewe umeshamsikia."

Mwaka juzi aliamua kuiwekea mashine magurudumu. Hapo ndipo alipokutana na kikwazo ambacho hakukitarajia, nacho kilikuwa kimekaa kwenye kiti karibu na mlango.

Issufo alikataa. Sababu yake aliitoa kwanza kwa methali: ng'ombe haelemewi na nundu yake. Alipoona methali haijamtosha mkewe, akataja mwaka 2021.

Mwaka huo vita ilipoingia Palma, wao walikimbia kama watu wengine, wakaishia Pemba, ule mji wa Msumbiji, kwa jamaa. Waliporudi mwaka uliofuata walikuta mlango wa karakana haupo, patasi hazipo, waya wa umeme umevutwa ukutani, na mota imeng'olewa na nati zake. Mashine yenyewe ilikuwa palepale, chini ya dirisha, ina kutu kidogo na kiota cha ndege.

"Uzito wake ndio ulikuwa kufuli," anasema Issufo. "Waliobeba mlango walishindwa kuibeba hii. Sasa mama Yasmin anataka kuipa magurudumu. Ukimpa mashine magurudumu, si umempa na mwizi?"

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na Chamima hakuipuuza. Aliisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya, baba Yasmin," kesho yake akaenda kutafuta magurudumu.

Aliyapata kwa muuza vyuma chakavu: magurudumu manne ya jukwaa la wajenzi, ya chuma, yamevikwa mpira, kila moja kubwa kama sahani ya wali. Mchomeleaji aitwaye Clésio, kijana wa watu wa Montepuez aliyehamia Palma kufuata kazi, aliyachomelea moja kwa moja chini ya miguu ya mashine, mawili kila mguu. Kila gurudumu likawekewa kabari mbili za mbao, mbele na nyuma.

Kusukuma kukawa raha, lakini kukereza kukawa vituko.

Mashine ya kukereza hutetema, hasa gogo likiwa bado halijawa duara. Siku ya kwanza Chamima alifunga kipande cha mninga chenye nundu upande mmoja, akawasha. Kabari zikaruka. Mashine ikaanza safari.

"Ilinifuata!" anasema, na hapo kicheko kinamzidi. "Narudi nyuma, na yenyewe inakuja. Nikasema, leo hii inarudi kwao Ureno. Ikavuta waya mpaka ukachomoka, ndio ikasimama. Issufo yuko pale kwenye kiti, wala hajainuka, ananiambia, 'Si nilikwambia?'"

Yeye na Clésio walikaa wakafikiri, na dawa waliyoipata ndiyo iliyokaribia kumtoa chumbani. Walisema: kama inatetema, iongezwe uzito. Wakaweka ubao kati ya miguu miwili ya mashine na kupanga magunia ya mchanga juu yake. Mchanga waliutoa ufukweni, kama wanavyofanya watu wengi wa Palma wanapouhitaji, maana uko palepale na hauuzwi.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mchanga huo una chumvi na unyevu. Magunia yalikuwa ya mchele, yamechakaa. Kila ilipotetema mashine, yalivuja kidogo, mchanga ukamwagikia magurudumu, ukaingia ndani ya vyuma vya kuzungukia. Chumvi ikafanya kazi yake kimyakimya. Mashine haikutembea tena, kweli. Ijumaa ilipofika, haikutembea kabisa.

Chamima anasema hataisahau Ijumaa ile. Magurudumu yameganda kwa kutu, mashine imekuwa nzito kuliko siku zote, wanaume sita walishaambiwa hawahitajiki tena. Alianza kushusha magunia moja moja huku adhana inaadhiniwa. Watu wakaanza kuingia. Wakatandika mikeka kushoto na kulia kwa mashine, na safu zikakatika katikati kama meno yaliyong'oka.

Baada ya sala, Mzee Cassimo, msimamizi wa wakfu, alibaki nyuma. Ni mtu mpole, asiyepandisha sauti, na Chamima anasema afadhali siku hiyo angegombezwa.

"Mwanangu," alimwambia, "chumba hiki si changu hata nikupe, wala si chako hata ukichukue. Kimewekwa kwa ajili ya Mungu. Safu ya sala haikatwi na chuma. Ramadhani ikiingia bado mashine imekaa katikati, itabidi utafute pengine."

Kutafuta pengine Palma, kwa kodi ya elfu moja, penye sakafu ya saruji na umeme, ni maneno ya kumwambia mgeni. Chamima alijua hapapo. Bila chumba mashine ingekaa nje ikaliwe na chumvi, na bila mashine Yasmin angerudi nyumbani kabla ya kumaliza shule. Usiku huo hakula.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini koleo jipya lilikawia kuonekana. Lilipoonekana lilikuwa sokoni, mbele ya duka la mafuta ya taa. Mwendesha pikipiki mmoja, mtu wa makamo, mwembamba, pikipiki yake imebeba magunia mawili ya mihogo, alisimama kununua sigara. Akakanyaga stendi kwa mguu mmoja, akavuta kidogo kwa mkono, na pikipiki na mihogo yake vikanyanyuka juu ya stendi, vikatulia. Akanunua sigara. Akaisukuma, ikashuka, akaondoka.

"Nilisimama pale kama mwenda wazimu," anasema. "Yule bwana hana nguvu kunishinda mimi. Lakini ameinyanyua. Nikajiambia, kumbe! Pikipiki ikisimama inakaa kwa miguu, ikitembea inakaa kwa magurudumu. Mimi mashine yangu nimeilazimisha ikae kwa magurudumu saa zote, hata inapofanya kazi. Ndio maana inatangatanga."

Alikwenda moja kwa moja kwa Clésio, akamchorea mchangani. Clésio alitazama, akapindua kichwa, akatazama tena.

"Pronto, Dona Chamima, hii inawezekana," alimwambia, akichanganya na Kireno. "Ila bawaba ziwe nene. Bawaba za mlango zitakatika, mashine itakuangukia vidoleni."

Mpango ulikuwa huu. Magurudumu yakatwe miguuni, yasafishwe, yachomelewe kwenye mabati mawili mazito, moja kila upande wa mashine, na kila bati lifungwe kwa bawaba. Bati likiwa juu, magurudumu yananing'inia hewani na mashine inakalia miguu yake. Likikandamizwa chini, magurudumu yanagusa sakafu na kuinyanyua mashine kiasi cha unene wa kidole. Pini inapita tunduni, bati halirudi. Ili mtu mmoja aweze kulikandamiza, anahitaji mtaimbo mrefu.

Clésio alitaka kuchomelea mtaimbo huo papo hapo, ukae kwenye mashine daima. Hapo Issufo, kutoka kwenye kiti chake, alisema hataki. Chamima akadhani ni yale yale ya mwizi.

"Baba Yasmin, mwizi gani tena? Mlango si tumeshaweka wa chuma?"

"Si mwizi," alisema Issufo. "Ni mimi."

Mwandishi alihitaji kuelezwa alimaanisha nini, na wote wawili walieleza, mmoja akimkatiza mwenzake. Siku ile ya kukimbia, Chamima alikuwa njiani na watoto na kifurushi cha nguo, akigeuka nyuma kila mara. Mumewe haonekani. Aliwaacha watoto kwa dada yake, akarudi mbio. Alimkuta Issufo peke yake karakanani, ameiwekea mashine bega, anasukuma. Milio ya bunduki ilikuwa inasikika.

"Nilimshika shati," anasema Chamima. "Nikamvuta. Shati likachanika. Nikamshika mkono."

"Haikusogea hata kidogo," anasema Issufo. Anasema kwa sauti ileile anayotumia kutaja bei ya matendegu. "Mgongo wangu uliharibikia pale, si kwa kuisukuma siku za Ijumaa. Lakini haikusogea, ndio maana niko hai. Ingesogea shubiri moja tu, ningesema itatoka, ningeendelea. Unafikiri huyu angenitoa? Asingenitoa. Na asingeniacha. Tungebaki wote wawili."

Kwa hiyo alichokuwa akikiogopa muda wote, chini ya methali na habari za kufuli, kilikuwa mashine inayosogea. Chamima anakiri kwamba hakujua. Anasema aliinama akajifanya anaokota misumari, kwa sababu hakutaka Clésio amuone analia.

Mtaimbo haukuchomelewa. Clésio alichomelea vipande viwili vya bomba kwenye mabati, na mtaimbo unaingia ndani ya bomba wakati wa kazi, kisha unachomolewa. Ukiwapo, mwanamke mmoja anaihamisha mashine. Usipokuwapo, mashine imekaa kwa miguu yake na kilo zake zote, na hata wale wanaume sita, wakirudi na vikoi vyao, watatoka jasho.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, Mzee Cassimo alikuja mapema kuliko kawaida, akasimama mlangoni mikono nyuma. Chamima alifagia. Akachomeka mtaimbo upande wa kulia, akakandamiza, akapitisha pini. Akafanya hivyo upande wa kushoto. Kisha akaiwekea mashine viganja viwili na kuisukuma mpaka ghalani. Mzee alikwenda akachungulia ghalani, akarudi, akatazama sakafu, akasema "Mashaallah," na kuanza kutandika mkeka wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Si kila kitu kimekuwa laini. Wanaume sita walikuwa wakileta na habari: nani anaoza binti, nani anatengeneza nyumba, na katika chai ile Chamima alipata oda nyingi. Sasa Ijumaa yake ni ya kimya, na oda za miezi ya mwanzo zilipungua mpaka akaanza kuwatembelea wake zao mwenyewe. Huko, anasema, siku hizi anakaribishwa vizuri zaidi.

Magurudumu nayo yanahitaji grisi kila wiki, na maranda hayana simile. Fundi mwingine wa mjini alikuja kuchukua vipimo, akatengeneza yake kwa bawaba za mlango, na sasa anachechemea.

Chamima ana mpango. Anaweka akiba kidogo kidogo anunue kiwanja pembeni mwa mji, ajenge karakana yake, chumba kimoja chenye madirisha mawili. Wanawake wawili wameshamwomba awafundishe, na pale kwenye chumba cha wakfu hawezi kuwaweka, kwa kuwa nafasi haitoshi. Huko kwake, anasema, mashine itakaa katikati hata siku ya Ijumaa, na atakayetaka kuizunguka ataizunguka.

Kuhusu vita, na kama itarudi, watu wa Palma hawapendi kuulizwa. Issufo ndiye anayelijibu swali hilo, huku akinoa patasi, haachi kuitazama. Mtaimbo, anasema, haulali karakanani. Kila jioni Chamima anakwenda nao nyumbani, unalala upande wake wa kitanda, ukutani. Aliyetaka iwe hivyo ni Issufo mwenyewe.

"Mie najijua," anasema. "Siku ile ikirudi, nitauomba huo mtaimbo. Nitaapa kwamba ni dakika moja tu. Sasa nakwambia mbele ya mgeni, mama Yasmin, nikikuomba usinipe."

Sala imekwisha. Chamima amekwisha kujifunga kanga kichwani, anasubiri mikeka ikunjwe aitoe mashine ghalani.

"Utamwomba nani?" anamuuliza mumewe. "Mtaimbo nitakuwa nao mie, niko mbele nakimbia. Ukiutaka, nifuate."